Majivu kwenye Miguu ya Paka

Nyakisasa, Ngara
6 Oktoba 2024

Shemeji Jovitha,

Pokea salamu zangu, wewe na Ndassa na watoto wote hapo Nyakahura. Huku mvua zimeanza vizuri. Nimepanda maharage shamba la juu. La chini nimeliacha kwanza. Kijana wetu Elick yuko Kahama, bado anaendesha mashine ya kusaga, na anasema Krismasi atakuja nyumbani, kama alivyosema mwaka jana. Mimi sijambo.

Naandika kwa kalamu kwa sababu ya ile siku ya mwezi wa tatu. Sikufikiri. Nilichukua simu ya dada yako nikakupigia, kumbe kwako linatokea jina lake, "Dada". Ulivyolia bado nakusikia. Tangu hapo nimeizima, ipo kabatini, na nyingine sijanunua. Barua haimshtui mtu. Unaona mwandiko kwenye bahasha unajua ni Pancras tu. Nitampa Jeremia, yule kondakta wa basi linalopita kwenu.

Siku ya kumaliza matanga tulikungoja mpaka jua likazama. Ndassa alituma habari kwamba miguu imekuvimba. Natumaini imepona. Sehemu yako ya nguo zake nimeiweka, vitenge viwili na lile sweta la bluu.

Ila kuna panya. Mchana kweupe wanapita juu ya magunia kama wenye nyumba, na juzi wametafuna pindo la kitenge kimoja, kile cha maua ya njano. Dada yako alikuwa akiwarushia kandambili, halafu ananituma mimi nikaitafute kandambili. Mimi nikirusha, sina wa kumtuma.

Wasalimie.

Shemeji yako,
Pancras


Nyakahura, Biharamulo
20 Oktoba 2024

Shemeji Pancras,

Shikamoo. Barua yako imenifikia siku ya tisa, inanuka dagaa, na Jeremia anajua mwenyewe alikuwa ameiweka wapi. Sisi wazima. Ndassa amenunua ndama mwingine na sasa anaongea na ng'ombe kuliko anavyoongea na mimi. Kwandu amemaliza mtihani wa darasa la saba, tunasubiri matokeo. Miguu haijambo.

Habari ya panya imenijia wakati mzuri. Paka wetu amezaa wanne, na mmoja nimekutengea wewe. Usikatae, maana si mgeni. Huyu ni uzao wa yule paka aliyeletwa na dada mwaka nilioolewa. Alimbeba kutoka hapo kwenu Nyakisasa kwenye kikapu, akakifunika kwa khanga, na njia nzima hakuruhusu mtu akifunue, paka asije akakariri njia ya kurudi. Alipofika hakunywa hata maji. Aliingia moja kwa moja jikoni kwangu.

Nakukumbusha anavyofanyiwa, kwa sababu wanaume mnakuwepo lakini hamtazami. Paka mgeni haachiwi sebuleni. Mama wa nyumba anampeleka jikoni, anampaka majivu ya mekoni chini ya miguu yote minne, anamzungusha mafiga mara tatu, kisha anamweka chini karibu na moto. Paka anajilamba miguu, na ile ladha ndiyo inamwambia kwao ni wapi. Ndassa ananicheka, anasema Usukumani paka anafungwa kamba siku tatu, basi. Lakini paka wa dada hajawahi kuhama nyumba hii, na wa kamba wa jirani zake wamehama wote.

Najua utasema mama wa nyumba hayupo. Mzungushe wewe.

Jumapili ya tarehe 3 Novemba, saa nne asubuhi, uwe Benaco, pale malori yanaposimama. Jeremia atakukabidhi kikapu. Usifunue njiani.

Shemeji yako,
Jovitha


Nyakisasa, Ngara
10 Novemba 2024

Shemeji Jovitha,

Natumaini barua hii inawakuta wote mkiwa salama, na Ndassa na ndama wake. Huku mvua imezidi kidogo, maharage yameota yote. Padri amehamishwa, aliyekuja ni kijana, anahubiri kwa haraka kama ana basi la kuwahi.

Mzigo umefika. Benaco kulikuwa na malori mengi siku ile, pande zote mbili za barabara, hata ng'ambo sikuweza kuona vizuri. Jeremia alishuka na kikapu, akanipa bila kunitazama usoni. Akasema, "Mzigo wako huo, mzee. Unalia." Akapanda haraka. Nilidhani ataniambia habari zenu, hakusema.

Kijana wa boda aliniuliza njiani, "Mzee, huyo ni kuku gani analia hivyo?" Nikamwambia ni kuku wa Biharamulo. Akasema, "Basi msimpike, bado hajajua kuwika."

Sikufunua mpaka nimefika. Ni wa kijivu, na ncha ya mkia ni nyeupe, kama aliyeuchovya kwenye unga. Nimekumbuka yule wa kwanza, siku dada yako anamfungia safari ya kuja kwako. Alimwambia, "Ukifika kwa watu usije ukanitia aibu," kama anayemwambia mtoto wa shule. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kikapu na nilicheka. Sijui kwa nini hilo nalikumbuka na mengi makubwa nimeyasahau.

Nimefanya kama ulivyoelekeza. Majivu miguu yote minne, mafiga mara tatu. Alinikwaruza mkono. Baadaye nikamtoa nikamweka sebuleni kwenye boksi, nikafunga mlango wa jikoni. Sasa hivi yuko chini ya kiti hiki ninachoandikia. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumba inaweza kuwa na pumzi ya mwingine.

Chakula kipo, usiwe na wasiwasi. Ahsante.

Pancras


Nyakahura, Biharamulo
24 Novemba 2024

Shemeji,

Shikamoo. Wazima sisi sote. Kwandu amefaulu, tunatafuta sanduku la kwenda nalo shule. Mama yake huyo paka alimtafuta siku mbili, akaacha.

Nimefurahi amefika. Mpe uji mwepesi na kichwa cha dagaa, usimpe maziwa mengi, atakuharishia. Na kwa nini umemtoa jikoni? Jikoni ndiko anakotakiwa kulala, kwenye joto la mafiga. Mrudishe.

Na wewe kula. Umebaki mifupa. Lile koti la kijani lishone kifungo cha juu, unatembea kifua wazi kwenye baridi ya mvua kama mtu asiye na watu.

Jovitha


Nyakisasa, Ngara
29 Desemba 2024

Shemeji Jovitha,

Heri ya Noeli, na Mungu awavushe salama kuingia mwaka mpya. Hapa Krismasi imepita kimya. Elick alituma ujumbe kwa simu ya Bonifasia jirani, kwamba tajiri wake hakumpa ruhusa. Nilikwenda misa, nikarudi. Maharage nimeshavuna, magunia mawili na debe.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na aibu. Paka amehama.

Alikaa siku kumi. Siku ya kumi na moja sikumwona, nikamtafuta kwenye migomba, chini ya magunia, mpaka kaburini nilimwangalia. Akaonekana kwa Bonifasia, amelala kando ya mafiga yake kama aliyezaliwa hapo. Nikamrudisha. Kesho yake akaenda tena. Nimemrudisha mara tano. Nikimweka chini ananitazama kwa heshima kabisa, anangoja nigeuke.

Watu wameshapata la kusema. Pale kilabuni Wiston aliuliza mbele ya wote, "Pancras, siku hizi washenga wana mkia?" Bonifasia naye, unamjua, miaka sabini na mbili lakini ulimi haujazeeka. Nilipokwenda mara ya sita alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Umekuja kumchukua mtu wako?"

"Nimekuja kumchukua, mama."

"Nimeposwa kwa mbuzi, nimeposwa kwa jembe. Mwanaume wa kunitumia paka sijawahi kumwona. Kaa ule kwanza."

Nilikula. Mara hiyo nilimwacha paka huko huko.

Kosa langu silijui. Labda paka wanajua nyumba yenye mtu mmoja. Nisamehe, nilitaka akae. Jioni nilikuwa nimeanza kumhadithia mambo madogo, leo nimepalilia wapi, nimekutana na nani. Sasa hayo mambo narudi nayo hadi kitandani.

Jambo moja nakuuliza. Kifungo cha koti kilidondoka mwezi wa tisa. Wewe umekijuaje?

Pancras


Nyakahura, Biharamulo
12 Januari 2025

Shemeji,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Kwandu ameshakwenda shule, nyumba imekuwa na kelele za ng'ombe tu.

Nimecheka habari ya Bonifasia, halafu nikaacha kucheka. Paka aliyepakwa majivu vizuri hahami. Dada amegawa paka kumi au kumi na wawili kwa mikono yake na hakuna aliyehama hata mmoja. Nijibu jambo hili moja, na usinizungushe.

Majivu ulitoa wapi?

Jovitha


Nyakisasa, Ngara
16 Februari 2025

Shemeji Jovitha,

Salamu nyingi. Jumapili iliyopita tumemfanyia misa ya kutimiza mwaka. Tulikuwa watu kumi na tatu. Niliweka kiti chako mbele, baadaye nikampa mtu mwingine.

Barua yako imekaa mfukoni wiki nne. Swali lako nililijua kabla hujauliza.

Majivu nilitoa kwa Bonifasia. Nilikwenda na kopo nikamwambia ni ya kuweka kwenye maharage yasibunguliwe.

Ngoja nikueleze, maana sijamweleza mtu. Jioni ile kabla gari la kumpeleka hospitali halijafika, dada yako aliingia jikoni ameshika ukuta, akafukia moto. Nilimwambia acha, nitafukia mimi. Akasema, "Wewe unafukia moto kama unazika mbwa." Akainama mwenyewe, akakusanya makaa, akayafunika, akalaza majivu kwa kiganja taratibu kama anayelaza kitanda cha mgeni. Akasema, "Kesho nikirudi naukuta." Hakurudi.

Wakati wa msiba mlipika nje kwenye masufuria makubwa. Utakumbuka nilikuwa nimekaa mlangoni pa jikoni siku zote zile. Mlidhani nimechoka. Nilikuwa nazuia mtu asiingie.

Alama ya kiganja ipo mpaka leo, shemeji. Vidole vinne vinaonekana, gumba halikushika vizuri. Moto haujawashwa humo tangu siku hiyo. Mimi nakula kwenye mgahawa pale senta, au mahindi ya kuchoma, au Bonifasia ananiletea sahani. Yale majivu sijayagusa hata kwa kijiko. Siku ya paka niliingia nimemshika huyu mkono mmoja na kopo mkono mwingine, nikazunguka mafiga mara tatu pembeni kabisa, nisiharibu, nikatoka.

Kwa hiyo paka hana kosa. Amekwenda kule alikoambiwa.

Pancras


Nyakahura, Biharamulo
2 Machi 2025

Shemeji Pancras,

Shikamoo. Tuko hai. Barua yako nimeisoma mara moja, ya pili sikuweza, Ndassa ndiye aliyeimalizia mwenyewe na akatoka nje kwa ng'ombe wake. Huyo ambaye hucheka kila kitu.

Na mimi nikueleze, tuwe sawa.

Miguu haikuvimba. Siku ya kumaliza matanga nilipanda basi na kikapu changu cha ndizi, nikafika Benaco, nikashuka nibadilishe gari la kuingia huko kwenu. Gari likaja, likajaa, likaondoka. Likaja la pili. Kila nilipotaka kupanda niliona nafika pale uani, naita hodi, na anayeitika si yeye. Nikawapa ndizi wanawake wanaouza chai, nikapanda la kurudi.

Na tarehe 3 Novemba Jeremia hakubeba paka kutoka Nyakahura. Nilimbeba mimi, magotini, njia nzima. Nilikuwa nimesema hii ndiyo siku, nitamzungusha mafiga mimi mwenyewe, ni kazi yangu kwa kuwa mwenye nyumba ni dada yangu. Tulipofika nikakuona umesimama ng'ambo, na koti la kijani, kifungo cha juu hakipo. Upande wa kulia wa kola ulikuwa umekunjwa kwa ndani. Dada asingekuacha utoke hivyo. Hapo ndipo nilipoamini kwamba hayupo. Nikampa Jeremia kikapu avuke nacho, nikamkataza asiseme. Nilikaa nyuma ya lori la saruji mpaka boda yako ikaondoka.

Kazi yangu nilikutupia wewe, halafu nikakuuliza majivu ulitoa wapi. Nisamehe.

Lakini shemeji, nisikilize. Nimeishi na dada miaka kumi na tisa kabla hajawa wako. Hakuna jioni ambayo hakufukia moto, na hakuna asubuhi ambayo hakuvuruga majivu yale yale kwa mkono ule ule. Anayefukia moto anataka uwashwe. Alama ile ilikuwa ya usiku mmoja.

Jovitha


Nyakisasa, Ngara
23 Machi 2025

Shemeji Jovitha,

Nimepata barua yako Jumatano. Natumaini Ndassa amerudi ndani. Huku mvua za masika zimeshika, shamba la chini nimelilima. Kifungo nimeshona, cheusi, cha kijani hakikupatikana.

Alhamisi asubuhi niliingia jikoni. Nilikaa kwenye kigoda chake muda mrefu nikiangalia ile alama, mpaka nikajua kwamba hata nikifumba macho naiona. Nikaanza kuchimba kwa pembeni, kwa mkono. Katikati nikagusa kitu kigumu. Ni kiazi. Alikuwa na tabia ya kufukia kiazi kimoja kwenye majivu ya moto ili nikiamka nikikute kimeiva, na jioni ile, anaumwa namna ile, alikifukia. Kimekuwa mkaa mtupu, lakini umbo ni la kiazi kabisa, hata ule mkia wake upo.

Sikujua nikifanyie nini. Kukitunza niliona ni kuanza tena upya. Nikakiweka katikati ya kuni, nikawasha kiberiti. Kilichelewa kushika, kisha kikawaka chekundu kama mkaa mwingine wowote.

Moshi ulipotoka, Bonifasia aliita kutoka kwake.

"Pancras, nyumba inaungua?"

"Hapana, mama. Napika."

"Unapika nini?"

"Bado sijajua."

Akasema, "Basi injika maji kwanza, hayo hayakosewi."

Niliinjika maji. Nikapika uji, ukashika chini, nikaula hivyo hivyo nikiwa peke yangu humo ndani. Nililia, lakini nilikula.

Tangu siku hiyo nawasha kila siku. Jioni naufukia, kama ninazika mbwa, lakini asubuhi nakuta makaa. Majivu yapo sasa, ya moto wa nyumba hii. Paka bado yuko kwa Bonifasia. Siku ya pili alikuja mpaka kwenye uzio, akakaa, akautazama moshi wangu, mkia ameuzungushia miguuni. Sikumwita. Mimi nilishamkosea mara moja, na nimeambiwa kazi hiyo ni ya nani.

Jumapili ya tarehe 6 Aprili, saa nne, nitakuwa Benaco, pale pale. Usipokuja sitakuuliza chochote, tutaendelea na barua.

Pancras


Nyakahura, Biharamulo
30 Machi 2025

Shemeji Pancras,

Shikamoo. Wote wazima, na mimi miguu ni mizima. Leo sina habari nyingi. Nakuja na basi la Jeremia. Lile sweta la bluu litoe kabatini lipigwe jua, nitalivaa siku hiyo hiyo, huko kwenu asubuhi kuna baridi. Mwambie Bonifasia asimpe paka chakula, afike kwako ana njaa. Na moto usiuzime.

Wewe simama upande wako ule ule, usije ukanifuata, maana na koti lile madereva hawatakuona. Barabara nitavuka mwenyewe.

Jovitha